Naomba ushauri: mke wangu anaogopa sindano ya mgongo

Habari zenu ndugu, hasa mama zetu na wauguzi. Mke wangu atajifungua kwa upasuaji Jumatatu, wiki ya 39. Mtoto ametanguliza makalio. Daktari ameshaeleza: asile kwa saa 6 kabla, ganzi ni ya mgongoni, atakuwa macho. Ndugu wawili wameshatoa damu, kanga 6 zimefuliwa na kupigwa pasi.

Hofu ndiyo haijapungua. Usiku anakaa kitandani akijishika kiuno, pale sindano itakapoingia. Kuvuta pumzi polepole kunamsaidia kidogo tu, na mimi siruhusiwi kuingia naye.

Nimwelezeje ule mvutano wa tumboni mtoto anapotolewa, asije akashtuka? Na mama mkwe anayetaka kumkanda kwa maji ya moto juu ya mshono, nimkatazeje kwa heshima?