Mrejesho: seva ya Mwaloni sasa inaziona diski

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini AlmaLinux 9.3 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) haioni diski hata moja kwenye seva ya mtumba tuliyonunua kwa hesabu za samaki hapa sokoni Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Diski ni nzima kabisa. Mlioniambia nipige lspci -nn (amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya seva na namba zao) mmeniokoa: ikatoka SAS2008, chipu ya kadi inayounganisha diski na seva, namba 1000:0072. Draiva yake (programu ya kuiendesha), mpt3sas, ipo, ila kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya 9.3 chipu hii ya zamani iliondolewa katika orodha ya zinazotambuliwa na draiva, kwa hiyo inapitwa tu. Nikaweka toleo la 9.4, la Mei 2024, lililoirudisha chipu hiyo. Zikajitokeza diski zote 4, kwa majina sda hadi sdd, na taa za kijani zikaanza kumetameta. Na nilishaanza kuulizia bei ya kadi mpya! Asanteni sana.