GX100 inakula oili: nifufue 1G-FE au niweke 1JZ bila kupasua bajeti? (Dodoma)

Nkuhungu_GX

Wakuu habari za muda huu. Gari ni Mark II GX100, injini 1G-FE, giaboksi oto. Inakula oili karibu lita moja kwa kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu unatoka asubuhi nikiwasha, na nikiachia mafuta kwenye mteremko halafu nikakanyaga tena. Haichemshi. Matumizi ni mjini Dodoma kila siku na safari za Dar mara kwa mara. Ninachotaka ni gari linaloweza kupita malori upande wa Gairo bila kulilazimisha, na nisikae gereji kila mwezi. Nina milioni 5 kwa kila kitu, ufundi ukiwemo.

Nimeambiwa mambo matatu: nipige ovaholi 1G, niweke 1JZ-GE used, au niweke 1JZ-GE halafu niifunge turbo. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi injini, hasa nianzie wapi.

---

Spana_14

Mkuu, anzia kwenye kupima. Usifungue kitu bado.

Dalili ulizotaja zinaelekea zaidi kwenye sili za valvu. Gari likilala, oili inashuka taratibu kwenye shina la valvu, ndiyo maana moshi ni wa asubuhi. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, mvuto ndani ya manifodi unakuwa mkubwa na kuinyonya. Ringi zilizokwisha hutoa moshi zaidi gari likiwa kwenye mzigo, yaani unapanda kilima umekanyaga. Angalia pia valvu ya PCV, ile inayotoa gesi za chini ya injini: ing'oe na uitikise. Isipolia "chaka chaka" imeziba, na gesi za chini zinasukuma oili kwenda kwenye manifodi. Ni spea ya bei ndogo sana.

Kompresheni pima hivi: injini ya moto, plagi zote nje, betri imejaa, mafuta na koili umekata, mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini, piga stata mizunguko 5 au 6 kila silinda. Namba yenyewe peke yake isikutishe. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi psi 14 kuna tatizo. Kwenye silinda iliyo chini tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda ni ringi, ikibaki pale pale ni valvu au gasketi ya hedi.

Jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau: Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko Dar. Geji nayo itasoma chini kwa kiasi hicho hicho. Injini inayotoa psi 178 Dar hapa itatoa 157 au 158, na ni nzima kabisa. Watu wanazikataa injini nzuri kwa sababu hiyo, au wanaingia ovaholi wasiyoihitaji.

Kuhusu nguvu: 1G-FE ni silinda sita za 75 kwa 75 mm, cc 1,988. Huwezi kuipata nguvu ya maana humo kwa bei ndogo. Ukibaki nayo, badilisha sili za valvu na PCV uendeshe kwa amani, basi. Usichonge kitu.

---

JZ_Kati

Naungana na Spana_14 kuhusu kupima. Kama lengo ni kupita malori, 1JZ-GE ya VVT-i (yenye kamu inayobadili taiming ya valvu) kama ilivyotoka kiwandani ndiyo jibu: cc 2,492, farasi 200, na toki yake ya juu inakuja kwenye mizunguko 4,000, pale unapoihitaji barabarani. GX100 na JZX100, yaani Mark II yenye injini ya JZ, ni bodi moja, kwa hiyo hukati wala hujengi mapya, mradi ununue seti nzima. Seti nzima maana yake injini, giaboksi yake (kengele ya 1G, yaani kava la giaboksi linaloungana na injini, haikai kwenye JZ), waya zote ambazo hazijakatwa, kompyuta, mikono ya mauntingi, shafti ya kati, rejeta ya JZX100 pamoja na feni na kava lake. Ukinunua injini tupu kwa bei nafuu Kariakoo, tofauti yote utaimaliza kutafuta waya na vipande.

Angalia sana usiuziwe 1JZ-FSE, yaani D4. Kwa nje zinafanana na muuzaji atakwambia tu "ni 1JZ". FSE ina pampu ya mafuta ya presha kubwa juu ya hedi na nozeli zinazopiga moja kwa moja ndani ya silinda. Si injini mbovu, lakini pampu na nozeli zake ni ghali na hazipendi mafuta machafu. Kwa bajeti yako iache.

Dukani fungua kifuniko cha oili utazame kwa tochi. Rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni sawa. Tope jeusi lililoganda, ondoka. Kwa kuwa stata inafungwa kwenye kengele ya giaboksi, injini iliyo na giaboksi yake unaweza kuizungusha hapo hapo sakafuni kwa betri na kupima kompresheni. Itakuwa ya baridi, lakini tofauti kati ya silinda itakwambia ukweli. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.

Turbo juu ya GE sahau. Ile VVT-i ina uwiano wa kompresheni 10.5 kwa 1. Ukiongeza presha bila nozeli kubwa, bila kompyuta ya kurekebisha taiming na bila geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, kwenye joto la Oktoba itaanza kugonga kabla hujaisikia. Kugonga huko ndiko kunakovunja ukingo wa pistoni kati ya ringi. Ukifanya vizuri kila kimoja, umeshapita bei ya 1JZ-GTE, ile yenye turbo ya kiwandani.

Na pesa yako igawe: isizidi nusu kwenye seti. Iliyobaki ni ya mkanda, sili, upoaji, oili na ufundi. Anayemaliza zote kwenye injini huishia kuifunga na wotapampu ya zamani.

---

Pistoni_Kizota

Niongeze ya injini ikiwa chini, maana hapo kila kitu kinafikika kwa urahisi.

Badilisha taiming belti, tenshena, puli yake na wotapampu kwa pamoja, kwa sababu kwenye JZ wotapampu inazungushwa na mkanda huo huo. Sili ya kranki ya mbele, sili ya nyuma, sili za kamu, gasketi za vifuniko vya valvu, PCV mpya. Sili ya mbele kwenye pampu ya oili ina tabia ya kutoka mahali pake presha ya gesi za chini ya injini ikizidi, na oili yote inaishia kwenye mkanda. PCV nzima ndiyo kinga yake.

Ikiwa vipimo ni vizuri, hedi usiifungue. Ukifungua bila sababu unanunua gasketi na bolti, na unaingiza vumbi. Ikibidi kufungua, basi fuata namba. Uso wa hedi na wa bloku uwe umenyooka ndani ya 0.05 mm kwa rula ya chuma na fila geji. Bolti za hedi zinakazwa kwa toki 35 Nm, kisha zinazungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, kuanzia katikati kwenda nje. Anayekaza kwa kuhisi mkono, msimamishe. Konrodi bearingi pima kwa plastigeji, ule uzi wa plastiki unaobanwa ili kupima mwanya: 0.03 hadi 0.05 mm ni salama, ikikaribia 0.07 peleka kranki kwa mchonga vyuma. Ringi mpya usizitumbukize tu. Sukuma kila moja ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya. Kwa silinda ya 86 mm bila turbo, ringi ya juu iwe karibu 0.35 mm. Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa: ncha zikigusana kwenye joto, ringi inakwama na kukwaruza silinda.

Baada ya kuhoni, yaani kusugua ndani ya silinda kwa jiwe, silinda zioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli haiondoi unga wa jiwe. Futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, osha tena. Kikitoka cheupe, paka oili muda huo huo, maana chuma kitupu kinashika kutu haraka.

Sasa Dodoma yenyewe. Maji ya visima hapa yana chumvi na chokaa, ule ukoko mweupe wa kwenye birika ndio unaojijenga ndani ya rejeta na kuzunguka silinda. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyosafishwa, yasiyo na asidi. Kifuniko cha rejeta kiwe kipya: kwenye mwinuko huu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, kwa hiyo kifuniko kilichochoka kinatosha kuchemsha injini nzima kabisa. Thamostati usiitoe. Ile ya asili inaanza kufunguka karibu na 82. Feni ya viskasi ijaribu injini ikiwa ya moto na umezima: isukume kwa mkono, ikizunguka huru mizunguko mingi, imekufa.

Filta ya hewa ibaki kwenye boksi lake. Filta ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto na vumbi, na vumbi letu ni msasa kwa ringi. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta. Ukikuta unga mwekundu, kuna mahali hewa inapita pembeni; tafuta klipu iliyolegea.

---

Nkuhungu_GX

Asanteni sana wakuu. Nitapima kompresheni kwanza. Na nikibahatika kupata GTE kwa bei inayokaribiana?

---

JZ_Kati

Bei ikikaribiana, jiulize kwanza kwa nini. Zile za zamani zenye turbo mbili ndogo zina magurudumu ya kauri upande wa ekzosi; ukizidisha presha yanapasuka. Ukiichukua, acha presha ya kiwandani, kama baa 0.7. Usibadili chochote mpaka umehakikisha mafuta yanatosha. Farasi 280 zinataka zaidi ya lita 100 kwa saa, kwa hiyo pampu ya 1G iliyochoka haifai. Pampu iliyo hai, kwa volti za gari likiwa linawaka na kwa presha yake ya kazi, ijaze lita 1 kwa sekunde 30. Fanya nje, injini baridi, na mtungi wa kuzimia moto karibu. Breki za GX100 nazo hazitoshi kwa GTE, kwa hiyo bajeti inapanda tena. Kwa milioni 5 mimi ningebaki na GE.

---

Spana_14

Kumalizia ufungaji: weka geji halisi za presha ya oili na joto la maji, taa za dashibodi huwaka mambo yameshaharibika. Oili 10W-40 kwa injini used kwenye joto hili, kama lita 5 na kidogo, lakini mwamuzi ni kijiti. Injini ikiwa ya moto, kwenye mizunguko 3,000 tarajia presha ya oili ya angalau baa 2.5. Giaboksi ya oto iongezee kipozea cha mafuta ya giaboksi mbele ya rejeta.

Kama ulibadili ringi, usiiache ikinguruma bila mzigo. Nenda hadi Kibaigwa urudi: nje ya makazi toka 60 hadi 90 kwa nusu ya pedeli, kisha achia mafuta ukiwa ndani ya gia, rudia rudia. Ukirudi mwaga oili hiyo na ubadili filta, kata filta ya zamani uifungue karatasi yake juani. Unga laini wa kijivu ni kawaida ya ringi mpya. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni bearingi, zima na ufungue sampo, yaani karai la oili. Kisha badili tena kwenye kilomita 500.

Risiti na nyaraka za injini zitunze, upeleke TRA wabadilishe namba ya injini na cc kwenye kadi kabla hujaanza safari za Dar.