Mjadala: Riwaya za wanaastronomia zina nafasi kwenye maktaba ya sekondari?

Mwalimu wa fizikia, Moshi

Wadau, naomba tubishane kwa hoja. Shuleni kwetu amejitokeza mzazi wa kununua vitabu vya maktaba. Kwenye orodha niliyompa niliweka riwaya mbili: The Black Cloud ya Fred Hoyle (1957) na Contact ya Carl Sagan (1985). Zote mbili akazikata kwa kalamu nyekundu: fizikia haisomwi kwa hadithi. Hela ni zake, sina neno. Ila kamati nzima ya shule ikamuunga mkono, na hapo ndipo ninapobisha.

Hoyle alikuwa mwanaastronomia wa Cambridge, kazini kabisa. Mwaka uleule wa riwaya, yeye na wenzake watatu walichapisha makala iliyoeleza jinsi elementi nyingi zinavyoundwa ndani ya nyota. Katika riwaya, wingu kubwa la gesi linalielekea Jua. Huko Marekani linaonekana kwenye picha za darubini. Uingereza wanashtuka kuona sayari haziko pale hesabu inaposema ziwe: wingu linazivuta. Pande mbili, njia mbili, jibu moja. Halafu wanagombana ubaoni.

Chukueni swali hili: wingu litafika lini, na hujui liko umbali gani wala lina kasi gani? Unapima tu limekua kiasi gani machoni. Likikua kwa asilimia 5 kwa mwezi, basi kwa mwendo huo limebakiza miezi 20 hivi. Uwiano tu! Kidato cha tatu wanaweza. Nitajieni kitabu cha kiada kinachomfanya mtoto atake mwenyewe kupiga hesabu hiyo.

Mzazi, Njiro

Mwalimu, heshima yako. Mitihani ya NECTA haiulizi wingu. Watoto watatu wanagombania kitabu kimoja cha fizikia, wewe unataka riwaya? Tununue kwanza cha kiada, ziada baadaye.

Mwalimu wa Kiswahili, Arusha

Mimi napinga kwa sababu nyingine kabisa, na wala sitetei NECTA.

Mwalimu mwenzangu, umetuonyesha ubao, hukutuonyesha mahubiri. Lile wingu kumbe ni kiumbe hai chenye akili kutuzidi. Wanasayansi wanapozungumza nalo, linakataa kwamba aliwahi kuwepo wa kwanza wa aina yake. Na wao palepale wanaona hilo ni pigo kwa wanaosema ulimwengu ulianza kwa mlipuko. Huyo si wingu anayeongea, ni Hoyle! Nadharia ya Mlipuko Mkuu aliipinga maisha yake yote, ingawa jina lake la Kiingereza, Big Bang, alilitoa yeye mwenyewe, redioni BBC, mwaka 1949. Mwaka 1965 yakatangazwa mawimbi ya redio yanayotoka kila upande wa anga, masalia ya joto la mwanzo ule, na wengi wakaachana na upande wake wa ulimwengu usio na mwanzo.

Mtunzi wa kawaida akikosea sayansi, msomaji anasema ni hadithi tu. Profesa akikosea, mtoto ananakili kwenye daftari. Hiyo ndiyo hofu yangu. Na kisanaa, wahusika wake wakavu mno, wote wanaongea kama wako kwenye semina.

Msomaji, Kaloleni

Ugomvi huu una miaka 400, wakuu. Kepler, yule wa kanuni za mwendo wa sayari, aliandika hadithi ya safari ya Mwezini. Imo hesabu nzuri: ukisimama upande wa Mwezi unaotutazama, Dunia haichomozi wala haizami, inakaa palepale angani. Lakini anayemwezesha kijana kusafiri ni roho, tena iliyoitwa na mama wa kijana huyo. Mswada ukapita mikononi mwa watu. Baadaye mama mzazi wa Kepler akashitakiwa kwa uchawi, akafungwa, na mwanawe akamtetea mpaka akaachiwa mwaka 1621. Kepler mwenyewe aliamini hadithi ile ilichangia. Akaishia kuiwekea maelezo 223, marefu kuliko hadithi yenyewe, na ikachapishwa 1634 yeye akiwa ameshafariki. Kwetu huku tunajua tuhuma kama hizo zinavyoanza.

Mwongoza watalii, Machame

Naomba niseme kidogo. Usiku wa kwenda kileleni Kilimanjaro tunatoka kambi ya Barafu kama saa sita. Kuna nyakati unaona makundi mawili ya nyota, Msalaba wa Kusini upande huu na Dubu Mkubwa upande ule. Wageni wanauliza maswali hayo! Sisi tunaonyesha Kilimia, basi. Vitabu viletwe, hata mimi nitaazima.

Mwalimu wa fizikia, Moshi

Mzazi wa Njiro, sikuomba cha kiada kitolewe. Riwaya mbili hazifikii bei ya kiti cha kamati.

Mwalimu wa Kiswahili, umegusa penyewe, lakini mimi hapo ndipo ninapokitakia kitabu. Mtoto wetu anadhani sayansi imeshuka ikiwa imekamilika. Mpe ukurasa ule wa wingu, mpe na habari ya 1965, umuulize nani kashinda na kwa ushahidi gani. Sagan naye, mtaalamu wa sayari, kwenye rasimu ya Contact alimpitisha mhusika wake kwenye shimo jeusi, mahali penye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Kabla ya kuchapa akamuuliza rafiki yake mwanafizikia, Kip Thorne, akaambiwa hapo hapiti mtu akapona. Atumie handaki la kukatiza anga, njia ya mkato kati ya sehemu mbili za ulimwengu. Swali hilo la riwaya lilimfanya Thorne akae na mwanafunzi wake wapige hesabu ya handaki lenyewe, wakachapisha 1988, na wakaandika waziwazi kwamba ni zana ya kufundishia. Thorne huyuhuyu alipata Nobel mwaka 2017, kwa mawimbi ya mvutano. Sasa kamati iniambie fizikia haisomwi kwa hadithi.

Mwalimu wa Kiswahili, Arusha

La Thorne nimelipokea. Hoyle aingie, kwa sharti kwamba hapewi mtoto peke yake. Contact bado nakataa: ni nene, na Kiingereza chake kitamshinda wa kidato cha pili. Nani atakifasiri, kamati ya kalamu nyekundu?