Naombeni ushauri: msimamizi kanirudishia pendekezo la utafiti kuhusu jihadi zama za Vita vya Msalaba

Wakuu, habari zenu, na shikamooni mlionizidi. Nipo mwaka wa tatu, nasoma historia. Pendekezo langu lilihusu "jihadi dhidi ya Wafaranji huko Sham", yaani dhidi ya Wazungu wa Vita vya Msalaba walioteka sehemu za Siria na nchi jirani. Limerudi na maneno matatu ya wino mwekundu pembeni: "Jihadi ya nani?" Siku ya tatu leo nayatazama tu. Nianzie wapi? Kiarabu nasoma kiasi, cha madrasa.

Mchangiaji 1: Mkuu, huyo msimamizi kakupa ufunguo. Anza na as-Sulami, mwanazuoni wa Dameski. Mwaka 1105, miaka sita baada ya Yerusalemu kutekwa, alikaa msikitini akasomesha kitabu chake cha jihadi. Kwake Andalusia, Sisilia na Sham vilikuwa vita vimoja, na Waislamu wameshindwa kwa sababu wamegawanyika na kuacha wajibu wao. Kwa hiyo waanze na jihadi ya nafsi. Mwaka uliofuata akafariki. Watawala wa Sham wakaendelea kupigana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakiingia mikataba na Wafaranji hao hao! Hadi alipokuja Nuruddin, mtawala wa Halab (Aleppo), ndipo maneno kama yale yakapata dola ya kuyabeba. Hapo katikati pana kazi yako.

Mchangiaji 2: Naongezea: usichanganye khatibu (mhubiri) na faqihi (mwanasheria wa Kiislamu). Khatibu anahamasisha, faqihi anapima. Fungua mlango wa jihadi katika Bidayat al-Mujtahid, kitabu cha sheria cha Ibn Rushd. Je, mtawa, kipofu, mzee, mkulima, inaruhusiwa kuwaua vitani? Anakuonyesha wanazuoni wamepishana, na mzizi wa kupishana: kuna wanaosema adui anauawa kwa ukafiri wake, na kuna wanaosema ni kwa sababu ana uwezo wa kupigana. Soma taratibu, usiruke.

Mchangiaji 3: Na Ibn Jubayr, yule msafiri wa Andalusia, je? Anasimulia kuwa mwaka 1184 Sultani Salahuddin kaizingira Karak, ngome ya Wafaranji, huku misafara ya biashara ikipita nchi ya Wafaranji bila kuguswa. Ibn Jubayr mwenyewe alifika forodha ya Akka, bandari ya Wafaranji, akakuta makarani Wakristo wanaandika Kiarabu, vidau vyao vya wino ni vya mpingo ulionakshiwa dhahabu.

Mwenye uzi: Allah awalipe. Nimeandika upya: "Nani alimsikiliza as-Sulami? Dameski, 1105 hadi Nuruddin alipoingia mwaka 1154." Hivyo vidau vya wino sijui nitaviweka sura ipi, ila kuviacha siwezi. Mchangiaji 1, mipaka hiyo ya miaka umeionaje?