Koi to Uso: anime nimeimaliza nimebaki na uchungu, je manga yake inajibu?

mtoto_wa_Kirumba

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera tangu juzi na hapa nyumbani sina wa kumwambia, maana wakiniona na simu wanasema nimeshaanza katuni zangu.

Ni hivi, kuna jamaa Makoroboi huwa ananijazia vitu kwenye flashi, safari hii akaniwekea Koi to Uso, anime (katuni ya Kijapani) ya 2017, episodi 12 tu, akasema kama unapenda mapenzi yaliyokatazwa chukua hii. Kwa ambao hawajaiona: ni Japani ya kubuni, serikali imeona watoto hawazaliwi vya kutosha ikatunga sheria kwamba ukifikisha miaka 16 unaletewa jina la mwenzi wako, wameshachambua vinasaba na kila kitu huko, wewe ni kupokea tu. Yukari ni kijana wa kawaida kabisa, anapenda makaburi ya kale ya wafalme (hicho kitu nilikipenda, kuna watoto hapa Mwanza wako hivyo hivyo na mawe), na tangu shule ya msingi anampenda Misaki. Anajikaza anamwambia usiku ule ule wa kuamkia miaka 16, kumbe na Misaki anampenda. Hapo hapo meseji ya serikali inaingia kwenye simu, jina ni Misaki! Afu simu inazima, maafisa wanatokea na bahasha, wanafungua, jina ni la binti mwingine, Lilina.

Jamani ile episodi ya kwanza nilirudia mara mbili. Nikasema hapa nimepata kitu.

Baada ya hapo sasa ndo sielewi. Jina lilibadilikaje? Misaki anaficha nini? Kila nikidhani wanagusa hilo swali wanalikwepa, Misaki anatokea analia anaondoka, na kina Yukari wanarudi kwenye mambo ya shule. Episodi ya 12 niliimalizia kwenye kivuko cha Kamanga narudi mjini, ikaisha hakuna kilichoamuliwa, nikajua jamaa kaniwekea pungufu, nikatafuta ya 13 kwenye flashi hadi tunafika upande wa mjini. Haipo. Haijawahi kuwepo.

Swali langu: manga, yaani kitabu cha michoro ambamo stori ilitoka, inajibu haya? Nianze pale anime ilipoishia au nianze mwanzo? Na kwanini mtu achukue stori nzuri namna hii afanye hivi?

Nyegezi_stendi

Mkuu pole, mi yalinikuta mwaka ule ule inatoka.

Kwanini waliifanya hivyo, sababu ni kwamba manga yenyewe ilikuwa haijaisha. Musawo alianza kuichora 2014 kwenye Manga Box, ile programu ya kusomea manga kwenye simu, na 2017 alikuwa bado yuko katikati, siri ya Misaki hajaitoa. Sasa studio ya Liden Films ingejibu nini wakati mwenye stori hajajibu? Wangetunga mwisho wao watu wangewasema, wakaacha hewani watu wakawasema pia.

Na jambo lingine watu wengi hawalijui, Japani anime nyingi zinalipiwa na kampuni kadhaa zinazochanga hela pamoja, na mara nyingi mchapishaji wa kitabu yumo humo humo. Anime inakuwa kama tangazo, uione upate hamu ukanunue vitabu. Wakishapata robo mwaka kwenye televisheni, Julai mpaka Septemba, episodi 12, basi kazi imeisha. Piga hesabu, episodi ni dakika 24, toa wimbo wa kufungua na wa kufunga dakika moja na nusu kila mmoja, unabaki na 21. Mara 12 ni saa nne na kidogo. Kwa stori yenye watu wanne wanapendana hovyo hovyo, maana usimsahau Nisaka, rafiki wa kiume wa Yukari, naye anampenda huyo huyo Yukari, saa nne hazitoshi hata robo.

Hapo kwa Nisaka ndo mi niliumia zaidi. Kama Yukari na Misaki wamekatazwa, Nisaka kakatazwa mara mbili, na ile sheria kwa mtu kama yeye haina hata bahasha ya kumpa. Anime ikafungua huo mlango mapema kabisa afu ikauegesha tu ikaendelea na safari.

dada_Sengerema

Mi nawapinga kidogo. Muda ni kweli ulikuwa mdogo ila saa nne ni nyingi ukijua unachotaka kusema.

Shida yangu na ile anime ni kwamba sikuiogopa ile serikali hata dakika moja. Maafisa wamevaa suti wanaongea kwa upole, haya, afu? Mapenzi ya kukatazwa bila kuogopa anayekataza yanakuwa mapenzi ya kawaida tu yenye machozi mengi.

Nasema hivi kwasababu nimeyaona nyumbani. Dada yangu mkubwa alikuwa na mtu wake, sisi wadogo wote tulikuwa tunamjua, tunampelekea vikaratasi. Siku moja tunarudi toka ziwani kuchota maji tunakuta ng'ombe wageni zizini. Hakuna aliyetuambia kitu, baba mkubwa anakunywa chai, mama kanyamaza, na dada aliwaangalia wale ng'ombe akaelewa, akatua ndoo taratibu akaingia ndani. Hakuna aliyepiga kelele siku ile. Mpaka leo nikisikia kengele ya ng'ombe jioni nakumbuka ule mgongo wake unaingia mlangoni.

Hicho ndo nilikuwa nakitafuta kwenye anime sikukipata, uzito wa kitu kilichoshaamuliwa na watu wanaokupenda. Ila niwape haki yao, Lilina walimpatia. Binti kapewa mume kwenye bahasha, badala ya kumng'ang'ania anaanza kuwasukuma Yukari na Misaki wakutane, na huku mwenyewe anaanza kumpenda yule kijana anaona kabisa anajichimbia shimo. Nililia kwaajili yake tu.

mwalimu_Nansio

Wanangu nimesoma yote. Dada Sengerema umenigusa sana.

Mimi niliisoma manga kwanza ndipo nikaangalia anime, mwanangu wa kidato cha nne ndiye aliyenionyesha. Kilichopotea kati ya hivyo viwili kwangu ni ukimya. Musawo anachora macho makubwa mno, mwanzoni yananisumbua, baadaye nikaelewa kuwa anataka uyasome hayo macho kwasababu midomo yao haiwezi kusema. Kwenye kitabu ukifika kwenye uso wa Misaki ni wewe unayeamua ukae hapo kwa muda gani. Anime inakuamulia, sekunde tatu, kinanda, machozi, twende. Mkasa wenyewe wameunakili vizuri tu, ila ule muda wa kukaa na mtu wakauacha nyuma.

Huku Ukerewe sisi tumelelewa na Kitereza, aliyeandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe akamaliza 1945 na Kiswahili chake kikatoka 1980. Mle wakwe wanamchukua binti yao kwasababu ndugu wa mume wanamsimanga kwamba hajazaa, na mume inabidi ahangaike na mitungi ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Unaletewa kila hatua, kila salamu, kila safari, na ndiyo maana unahisi alivyompenda. Ukikata hizo safari unabaki na mtu aliyelipa pombe.

Kijana, anza sura ya kwanza, usirukie katikati. Na ujue kurasa zinasomwa kutoka kulia.

mtoto_wa_Kirumba

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Dada Sengerema pole mno, sikutegemea uzi wa anime ungefika huku.

Naomba kuuliza jambo moja, nimesikia manga ina miisho miwili. Kweli?

Nyegezi_stendi

Kweli mkuu. Mmoja wa Misaki, mmoja wa Lilina, kila mmoja na kitabu chake. Mi binafsi sikupenda, mtu umesubiri miaka yote hiyo afu mwandishi anakuambia chagua mwenyewe. Ila siri ya jina inajibiwa, hiyo nakuhakikishia, na ukishaijua utarudi kuangalia ile episodi ya kwanza kwa jicho lingine.

dada_Sengerema

Mi nilipenda. Stori nzima ni watu wanaochaguliwa, mwishoni kuna mahali ambapo njia zote mbili zipo wazi na kila binti kapata siku yake kamili. Dada yangu hakupewa ya pili.

Anza na wa Misaki, wa Lilina uuache mwisho. Na usome usiku nyumba ikishalala.

mtoto_wa_Kirumba

Nimeanza jana saa tano usiku, nikasoma hadi bando likakata. Nimefika pale Yukari anapomkatia Misaki nusu ya kifutio chake darasani, kwenye anime hicho kipande kilinipita tu. Safari hii nimekaa hapo muda mrefu sana.