Jiji halina hela ya nyongeza ya mishahara, ila ya kumlipa wakili wa nje kwa saa ipo

Wakuu, niseme jambo moja mapema ili tusipotezeane muda. Sipingi jiji kuwa na wakili. Majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya jiji na chama cha wafanyakazi, ni kazi ya sheria, na kifungu kimoja kibovu kinaweza kulitesa jiji miaka mitatu mizima. Ninachopinga ni huu mtindo wa halmashauri kuchukua kampuni ya uwakili, kuilipa kwa saa bila ukomo, kumkalisha wakili mezani bila mamlaka ya kukubali hata koma, halafu baada ya miezi minane wanatoka kuwaambia wafagiaji, madereva wa magari ya taka na mafundi wa maji kwamba kasma (fungu la bajeti) imeisha. Imeishaje? Nani kaila?

Tuanze na ankara, maana huko ndiko watu hawaangalii. Mawakili wanaotoza kwa saa kwa kawaida huigawa saa moja vipande kumi, kila kipande dakika 6. Simu ya dakika mbili inaandikwa 0.1. Kusoma barua pepe ya mistari miwili, 0.1. Ndivyo fani yao inavyohesabu na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwa jiji linalosaini mkataba bila kuweka masharti juu ya hesabu hiyo. Chukueni kikao kimoja cha saa 3 mezani. Kampuni inaleta mawakili wawili, mkubwa na msaidizi wake: saa 6. Kila mmoja anaandika saa 2 za maandalizi: 4. Kila mmoja anaandika saa moja ya kuja na moja ya kurudi: 4 nyingine. Kisha muhtasari kwa mkurugenzi wa jiji, saa 1.5. Jumla saa 15.5 kwa kikao cha saa 3. Vikao 12 vya namna hiyo ni saa 186 za malipo, wakati muda waliokaa mezani na chama ni saa 36 tu. Hapo hakuna aliyeiba. Mkataba ndio ulioruhusu.

Na hata hizo saa zenyewe hazikaguliki, kwa sababu ya namna zinavyoandikwa. Utakuta mstari mmoja kwenye ankara: "Kupitia mapendekezo ya chama, simu na mteja, utafiti, kuandaa majibu: saa 6.8." Mambo manne, namba moja. Simu ilikuwa ya dakika ngapi? Huo utafiti ni wa nini, na kwa nini kampuni iliyojinadi kwamba ni bingwa wa sheria za kazi inatafiti kwa gharama ya jiji kitu ambacho ilipaswa kuja inakijua? Mhasibu akipokea mstari huo hana pa kuushika, anagonga muhuri na kulipa. Dawa yake inajulikana na ni ya sentensi tatu kwenye mkataba: kila kazi mstari wake na muda wake, wakili mmoja tu ndiye anayelipwa kwa kikao isipokuwa mkurugenzi ameidhinisha wa pili kwa maandishi kabla ya kikao, muda wa safari hautozwi au unatozwa nusu. Mwanasheria wa jiji anazijua sentensi hizo. Kwa nini hazimo?

Halafu kuna mchezo wa nyongeza za mkataba, na huu ndio unaonitia hasira kuliko yote. Mkataba wa kwanza na kampuni ya uwakili unakuwa mdogo, chini kidogo ya kiwango kinacholazimu ushindani au idhini ya madiwani. Miezi mitatu baadaye inakuja nyongeza ya kwanza. Kisha ya pili. Inaletwa barazani ikiwa imefungwa kwenye furushi moja na mambo madogo madogo yanayopitishwa kwa kura moja bila mjadala, katikati ya ukarabati wa choo cha soko na kuthibitisha mihtasari. Na mara nyingi inapoletwa, kazi imeshafanyika na saa zimeshaandikwa, kwa hiyo diwani haombwi ruhusa, anaombwa kubariki deni. Mkataba wenye maana una ukomo wa jumla, una sharti kwamba kampuni itoe taarifa ikifika asilimia 75 ya ukomo huo, na unasema wazi kwamba saa yoyote iliyofanywa juu ya ukomo bila idhini hailipwi. Hailipwi, basi.

Sasa mamlaka. Kabla ya kikao cha kwanza na chama, baraza linatakiwa likae faraghani litoe maelekezo ya maandishi: mwisho wa gharama yote ya mkataba mpya kwa miaka yake yote, vifungu ambavyo jiji liko tayari kuachia na ambavyo haliko tayari, na nani ana ruhusa ya kuweka saini ya awali kwenye kifungu kilichokubaliwa. Bila karatasi hiyo, wakili anakuwa tarishi wa bei ghali. Chama kikileta pendekezo anajibu "nitalipeleka kwa mteja". Mteja ni baraza linalokaa mara moja kwa mwezi. Akidi haikutimia, linasogezwa. Swali la posho ya kazi za usiku ambalo lingeisha mezani kwa dakika kumi linachukua wiki tano, na safari ya kulipeleka na kulirudisha inatozwa yote. Wakili anayelipwa kwa saa hapotezi chochote majadiliano yakichelewa. Simtuhumu mtu kuchelewesha makusudi. Nasema jiji limetengeneza malipo ambayo kuchelewa kunamlipa mmoja na kumuumiza mwingine, halafu linashangaa mambo hayaendi.

Wanaosema haya ni mambo ya ndani ya jiji wasome mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Namba 98 ya mwaka 1949 inahimiza majadiliano ya pamoja ya hiari. Imewaacha nje watumishi wanaoendesha utawala wa dola, ila fagio la barabarani si utawala wa dola, hivyo wasijifiche humo. Namba 151 ya 1978 ni ya utumishi wa umma moja kwa moja, na namba 154 ya 1981 inahusu kukuza majadiliano katika sekta zote. Hakuna inayokataza kuleta wakili. Lakini kumtuma mezani mtu asiye na uwezo wa kuamua lolote ni katika dalili zinazotajwa kila mara pale upande mmoja unaposhtakiwa kwamba haujadiliani kwa nia njema. Jiji likishtakiwa kwa hilo, nani atalitetea? Kampuni ile ile, kwa saa zile zile.

California, Marekani, wana sheria ya vikao vya wazi, Brown Act ya mwaka 1953. Inalitaka baraza, kabla halijaingia faraghani kujadili mishahara, liwataje hadharani wawakilishi wake wa majadiliano. Hiyo haigharimu chochote, na kila mkazi anajua nani anasema kwa niaba yake. Huko huko jiji la Costa Mesa mwaka 2012 lilipitisha kanuni iliyodai mjadili wa nje kwenye mazungumzo na vyama vya wafanyakazi, tathmini huru ya gharama na kutangaza mapendekezo. Uwazi kwa chama tu. Mwaka 2015 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba mji wenye kanuni ya aina hiyo ufanye uwazi wa namna hiyo pia kwa mikataba yake na watoa huduma binafsi ya dola 250,000 na kuendelea. Haki kabisa. Ukitaka kuhesabu senti za mfagiaji hadharani, hesabu na za wakili.

Niingie kwenye hesabu za nyongeza, maana hapo ndipo wafanyakazi wanapakwa matope. Tuseme chama kinaomba asilimia 3 kila mwaka kwa miaka 3. Mwaka wa kwanza gharama iko juu ya ya awali kwa asilimia 3. Wa pili 6.09. Wa tatu 9.27. Mshahara wa mtu mwishoni umepanda asilimia 9.27. Lakini jedwali la upande wa jiji linajumlisha miaka yote, 3 na 6.09 na 9.27, linapata 18.36, kisha taarifa kwa waandishi inasema "chama kinadai asilimia 18". Hiyo 18.36 ni jumla ya fedha ya ziada ya miaka mitatu ukiipima kwa bili ya mshahara ya mwaka mmoja. Ni namba halali kwa mtu wa bajeti. Kuiita nyongeza ya mshahara ni uongo.

Kuna jedwali jingine linabeba hadi nafasi zilizo wazi. Ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, ni 400, waliopo kazini 340, gharama inapigwa kwa 400. Na bima inayolipwa kwa kiwango kimoja kwa kila mtu inapandishwa kwa asilimia sawa na mshahara, wakati haihusiani nao. Kinachopanda na mshahara ni saa za ziada na mchango wa pensheni unaokatwa kwa asilimia. Posho isiyobadilika haipandi. Chama kidai jedwali lenyewe likiwa na fomula zake, si picha ya karatasi. Ukipewa PDF umepewa jibu bila hesabu.

---

Jibu la mchangiaji wa kwanza

Mkuu nakubali mengi ila hapa umewaonea. Mwanasheria wa jiji yuko peke yake au na wasaidizi wawili, ana kesi za ardhi, ana leseni, ana madai ya fidia. Majadiliano yanataka mtu wa kudumu. Pia akikaa yeye mezani kugombana na chama leo, kesho atawashauri vipi wakuu wa idara wanaowasimamia wafanyakazi hao hao? Na usisahau kwamba naye ni mtumishi: nyongeza ya wafanyakazi ikipita, mara nyingi ya wakuu inafuata. Mtu wa nje hana maslahi hayo.

---

Jibu la mwenye uzi

Hoja ya maslahi ni ya kweli na naipokea. Ndiyo maana sikusema asiajiriwe. Ila maslahi ya mtu wa nje yapo, yamekaa upande mwingine tu. Kampuni inayoandika kifungu ndiyo inayofundisha mameneja namna ya kukitumia, na ndiyo inayokwenda kulitetea jiji mfanyakazi akilalamika kwamba kimekiukwa. Kifungu chenye utata kinailisha mara tatu.

Mfano. Rasimu inasema "saa za ziada zitalipwa kwa muda unaozidi saa 8 kwa siku". Nyingine inasema "unaozidi saa 40 kwa wiki". Dereva wa zamu za saa 10, siku 4, kwa ya kwanza ana saa 8 za ziada kila wiki. Kwa ya pili hana hata moja. Sasa weka zote mbili kwenye mkataba mmoja, moja kwenye kifungu cha saa za kazi na nyingine kwenye kiambatisho cha malipo. Hiyo ni ajali ya kawaida kabisa pale rasimu inaponakiliwa kutoka mkataba wa mji mwingine. Kila wiki ya miaka mitatu ni mgogoro. Au "baada ya kushauriana na chama" badala ya "kwa kukubaliana na chama": la kwanza ni kuwapa taarifa na kuwasikiliza, la pili ni kwamba bila wao halifanyiki. Neno moja. Kwa hiyo anayeandika asiwe ndiye anayevuna, na mkataba wa uwakili useme hivyo: kampuni iliyojadili haishiki mashauri yatokanayo na vifungu ilivyoviandika bila baraza kupiga kura upya.

Na kuhusu mwanasheria kuelemewa: kuna njia ya kati. Mkuu wa rasilimali watu anaongoza timu, mtu wa fedha anakaa pembeni yake na jedwali lake, mwendeshaji anayejua zamu za magari yupo, na wakili wa nje anapitia rasimu kwa ada maalumu ya kazi nzima. Anaitwa mezani pale tu kifungu kinapokuwa cha sheria tupu.

---

Jibu la mchangiaji wa pili

Ankara tunazipataje? Kila tukiomba tunaambiwa ni siri ya wakili na mteja.

---

Jibu la mwenye uzi

Siri inalinda ushauri. Haifanyi kila namba iliyo kwenye karatasi kuwa siri. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya California ilikuwa na mgogoro wa namna hii, na hata huko ambako ankara za mashauri yanayoendelea zilipewa ulinzi, haikusema kwamba jumla ya ada za shauri lililokwisha nayo lazima ifichwe daima. Kwa hiyo usiombe "ankara zote", utakataliwa kwa urahisi. Omba vipande, kwa barua, na kila kipande namba yake: nakala ya mkataba wa kwanza na nyongeza zake zote, mihtasari ya vikao vya baraza vilivyozipitisha, jumla iliyolipwa kila mwezi, idadi ya saa na kiwango cha saa kwa kila wakili, na kasma iliyotumika kulipa. Maelezo ya ushauri wayafute kwa wino mweusi, hatuyahitaji. Hiyo kasma msiisahau. Mara nyingi malipo haya hayakai kwenye fungu la sheria. Yanafichwa kwenye "huduma za kitaalamu" za idara ya utumishi, na ukitafuta pengine huyaoni.