Mjadala: Mbeya ya mwaka 2045, tuanze na njia nne, mchepuo wa malori au reli?

Mzawa wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, tumeililia miaka mingi na sina kinyongo nayo. Ninachohoji ni mpango wa mbele ya hapo. Sensa ya 2012 ilitukuta jijini watu 385,279. Ya 2022 ikatukuta 541,603. Tukienda hivyo hivyo, kabla ya 2045 tumeshavuka milioni, na hapo Mbalizi sijaigusa, kwa sababu Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya. Mtu analala Mbalizi, duka lake liko Mwanjelwa, mtoto anasoma Uyole. Jiji linapanga lake, Wilaya inapanga lake, TANROADS ana barabara kuu, TARURA ana mitaa. Safari ya huyo mtu mmoja ni ya nani?

Halafu kuna bonde lenyewe. Kaskazini mlima Loleza, kusini milima ya Uporoto, sisi tumejipanga katikati: Uyole, Mwanjelwa, Mafiati, Iyunga, Iwambi mpaka Mbalizi, wote tunategemea barabara moja. Na barabara hiyo ni TANZAM, njia ya shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandarini na ya mafuta yanayorudi huko. Simama njia panda ya Uyole saa kumi na mbili jioni. Lori la mafuta linatambaa kwa gia namba moja, nyuma yake Noah ya Tukuyu imejaza ndizi hadi juu ya keria, pembeni bajaji tatu zinagombea upenyo ambao hata pikipiki ingeufikiria mara mbili. Wanafunzi wanavuka hapo hapo katikati.

Msimamo wangu: mchepuo wa Uyole hadi Songwe, yaani barabara ya kupitisha malori nje ya mji, ule wa kilomita kama 49, uwe namba moja. Hata kama fedha ya lami haipo, ardhi yake ipimwe, wenye mashamba walipwe, ifungwe sasa. Lami inaweza kusubiri miaka kumi, ila nyumba za watu hazisubiri. Anayepinga karibu, aje na hoja.

Dereva wa Kapiri

Mkuu, naunga mkono, lakini mimi ndiye ninayeendesha hilo lori unalolilaumu, ngoja niseme. Mteremko wa Iwambi umeua. Juni 2025 tu, lori lililofeli breki liliondoka na watu zaidi ya 20 pale. Kila mara tunaambiwa dereva mzembe, na wazembe wapo, sibishi. Ila mlima ni ule ule na unamalizikia kwenye watu. Njia nne hazipunguzi mteremko, zinaongeza nafasi ya kuukimbilia. Kwa hiyo mchepuo usichorwe kwa rula juu ya ramani. Wahandisi waangalie miinuko na waweke njia za dharura za kuzamisha gari kwenye mchanga.

La pili: mkijenga mchepuo bila maegesho, sitaupita. Nitaupita kwenda kulala wapi? Nikitoka Tunduma baada ya kukaa foleni ya mpakani nahitaji choo, chakula, fundi wa tairi na mtu wa kulinda tenki langu lisinyonywe mafuta. Hivyo vyote leo viko mjini.

Mama Biashara Mafiati

Asante kaka dereva, umenisemea. Wateja wangu nusu ni hao hao wa malori. Lakini mleta mada, mbona unaongea kama watu wa barabarani ni magari tu? Jirani yangu ukuta wake ulipigwa X mbili, moja nyekundu upande wa barabara, ya kijani upande wa ndani. Nyekundu maana yake ulijenga ndani ya hifadhi ya barabara, vunja uondoke bila hata mia. Kijani maana yake hifadhi ndiyo iliyokufuata, kwa sheria ya 2007 iliyoitoa mita 22.5 ikaifikisha 30 kila upande, kwa hiyo unalipwa. Duka moja, rangi mbili! Sasa anauzia kwenye nusu iliyobaki, mlango umegeukia uchochoroni.

Mimi nataka kujua, kwenye huo mpango wenu wa 2045, mama mwenye beseni la maparachichi kichwani anavuka wapi njia nne?

Reli Kwanza

Mnazunguka tu. Dawa iko hapo Iyunga inapigwa mvua tangu miaka ya sabini. Reli ya TAZARA ilianza kazi rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na inabeba chini kabisa ya uwezo wake. 2025 imesainiwa mikataba na kampuni ya Kichina CCECC kuifufua, fedha inayotajwa ni dola bilioni 1.4. Mzigo ukirudi kwenye reli, hayo malori yanapungua yenyewe na mchepuo wenu unabaki wa kuanikia mpunga.

Abiria nao mnasahau treni ya Mwakyembe? Oktoba 2012 Dar walipata treni ya mjini juu ya reli hii hii ya TAZARA, na Mwakyembe mwenyewe, waziri wa uchukuzi wakati huo, alikuwa mbunge wetu wa Kyela. Igurusi hadi Mbeya hadi Songwe, reli ipo, tayari imelala chini. Kinachokosekana ni mabehewa na vituo vya kushushia watu.

Mzawa wa Uyole

Reli Kwanza, hoja yako ya mzigo naikubali, na ndiyo sababu nasema ardhi ya reli nayo ilindwe, watu waache kujenga vibanda hadi kwenye tuta. Ya abiria nina mashaka nayo. Reli ni moja, treni zinapishana kwenye vituo. Mwekezaji aliyeweka dola zake anataka shaba ipite, hatasimamisha shaba ili mimi na ndoo yangu ya viazi tushuke. Na ukishushwa Iyunga, bado unatafuta bajaji ya kukupeleka Mwanjelwa, barabara ile ile. Treni ya abiria inahitaji njia ya pili, na njia ya pili inahitaji ardhi. Narudi pale pale.

Mama Mafiati, vivuko ni haki yako wala si hisani. Malori yakitoka, barabara ya katikati inaweza kuwa ya mji kweli: vivuko vya usawa wa ardhi vyenye taa, vituo vya daladala, njia ya bajaji. Malori yakiwemo, utapewa daraja la chuma la kupanda ngazi na beseni kichwani.

Mwenye Shamba

Nimesoma kimya, sasa niseme. Hayo maneno ya "ardhi ifungwe sasa" yanatamkwa kirahisi na mtu ambaye shamba lake halifungwi. Najua yanavyokwenda. Wanakuja vijana na vifaa vya kupimia, wanachimbia bikoni, yaani nguzo za mipaka, mthamini anahesabu miparachichi, unasaini fomu. Unaambiwa usiendeleze. Sheria inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iwekewe riba, na uthamini ukipitisha miaka miwili urudiwe. Sawa, urudiwe. Katikati hapo mti hupandi, nyumba hujengi, benki haikukopeshi, mnunuzi akiiona bikoni anageuza pikipiki. Mpango wa miaka ishirini kwenu ni mchoro. Kwangu ni umri wangu wote uliobaki wa kulima.

Dereva wa Kapiri

Mzee hapo umepiga penyewe.

Mzawa wa Uyole

Mzee wangu, shikamoo. Ndiyo maana niliandika "walipwe" kabla ya "ifungwe", na mpangilio huo siuachi. Kisichowezekana ni kungoja. Dodoma wamepata barabara ya mzunguko ya kilomita 112 kwa sababu bado kulikuwa na mapori ya kupitisha. Huku kwetu kila msimu wa kiangazi tofali zinachomwa na misingi inapanda. Fidia ya shamba la viazi ni ndogo kuliko ya ghorofa, na serikali inayoshindwa kulipa ya leo haitaiweza ya 2040. Kama fedha haitoshi kwa kilomita zote, ianze na kule Uyole na Mbalizi ambako mji unakimbia, na sehemu isiyolipwa isiwekewe bikoni hata moja. Mtu alime, ajenge, auze, mpaka siku hundi itakapofika.

Mwenye Shamba

Marahaba. Hiyo ya kutoweka bikoni kabla ya hundi, iandikwe kwenye sheria ndogo za halmashauri zote mbili, Jiji na Wilaya, halafu tuendelee kuongea. Bila maandishi mimi napanda miparachichi mvua zijazo.

Reli Kwanza

Na maegesho ya dereva nani analipia? Hilo hamjajibu.